Kwa Ajili ya Besiboli Nilimwacha Mtoto wa Watu Bila Rika

Wasomaji wenzangu, mkimaliza kusoma haya nitukaneni, nimestahili. Nilimnyima kijana wa watu utu uzima wake kwa sababu ya mchezo. Tena si mpira wa miguu, ambao angalau mngeuelewa. Besiboli!

Jina langu siliweki hapa. Niiteni Mwalimu, kama walivyoniita kule Embu. Mimi ni mtu wa Usukuma, Tanganyika ile ya zamani, na nilikwenda Embu kufundisha shule ya misheni miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, wakati ambapo mwenye akili zake alikuwa akitoka Kenya, si kuingia. Lakini mimi kichwa kigumu. Niliambiwa kuna mshahara na nyumba ya bati, nikafunga virago.

Besiboli nilijifunza kwetu nikiwa mvulana, kwa mmisionari wa Kimarekani. Mmoja anasimama na gongo, mwenzake anamrushia mpira mdogo mgumu, anaugonga, kisha anatimua mbio kuzunguka vituo vinne kabla hajanaswa. Basi. Ukiueleza hivyo mtu anakucheka, lakini ukikuingia haukutoki. Mimi ulinipanda kama pepo.

Kule Embu watu walikuwa wameondolewa mashambani kwao, wakasongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, na Homgadi, wanamgambo wa serikali, wamesimama mlangoni na bunduki. Kutoka ni ruhusa, kuingia ni ruhusa. Vijana walikuwa wanaoza kwa kukaa bure! Nikaenda kwa Bwana D.O., afisa wa wilaya, kuomba kiwanja kando ya shule. Akanitazama, akalitazama gongo langu, akaniuliza kama nina homa. Lakini alikubali, mradi tuchezee pale ambapo mlinzi wa mnarani angeweza kutuona.

Magongo tulichonga kwa mti wa muhuru. Mpira tuliusuka wenyewe, vipande vya tyubu ya baiskeli ndani, kamba ya mkonge katikati, ngozi ya mbuzi juu. Vituo vilikuwa magunia. Na katika vijana wale alikuwemo Namu, mwana wa Mzee Runji.

Jamani, Namu! Alikuwa mrefu, mkimya, anatumia mkono wa kushoto. Alikulia akiulinda mtama wa mama yake, akitungua ndege kwa mawe tangu hajaota meno ya pili. Akirusha mpira, mwenye gongo alikuwa anapiga upepo tu. Nilimpenda kijana yule, na ninasema hivyo bila haya yoyote, ingawa niliyomtendea hayafanani na mapenzi.

Sasa, kulikuwa na mwalimu mwenzangu, tuliyelelewa naye misheni moja, aliyekuwa akifundisha upande wa Meru. Naye alikuwa na timu. Alikuja Embu akatupiga, tena kipigo cha aibu, magongo yetu tukayaona mazito. Halafu hakutosheka. Kila lori lililotoka Meru, dereva alikuwa na salamu zangu: "Mwambie yule bwana, vitoto vyake vikishaacha kunyonya avilete kwangu."

Salamu hizo zilinikosesha usingizi! Mtu mzima, nina cheti, nalala namfikiria jamaa wa Meru na vitoto vyangu vinavyonyonya. Nikaapa nitakwenda kwake nikamnyamazishe. Nikaomba ruhusa ya safari kwa D.O. Nikaomba, nikaomba, nikarudishwa, nikaambiwa njoo kesho, hadi yule karani wake akiniona anajifanya anakohoa. Mwisho ikatoka. Jumamosi, Meru, kwa lori la misheni.

Na wiki ile ile, chifu akatangaza kwamba serikali imeruhusu jando.

Niwaeleze, maana hapa ndipo nilipopotea. Kule kwao kijana asiyetahiriwa anaitwa kivici. Awe na ndevu, awe anajua hesabu kunipita, ni kivici. Hakai na wanaume, haongei mbele yao, haoi. Na wale wanaoingia maji ya mto alfajiri moja, wakatahiriwa pamoja, ndio rika. Rika ndilo litakalokusaidia kujenga, litakalokusimamia ukioa, litakalokubeba siku ukifa. Tangu Emajensi ianze jando lilikuwa limepigwa marufuku pale, serikali iliogopa mikusanyiko. Wavulana walikuwa wamerundikana, sauti zimekwaruza, bado wanaitwa vivici. Wazee walikuwa wamelilia ruhusa ile kuliko mimi nilivyolilia yangu. Wakapewa alfajiri moja tu, bila ngoma, bila nyimbo. Jumamosi.

Vijana wangu wakubwa wakaja mmoja mmoja. "Mwalimu, mimi naenda kwa mto." Nikawaachia, moyo unaniuma. Kisha akaja Namu, kofia mkononi.

"Mwalimu, na mimi pia naenda kwa mto. Nikipona nitarudi kucheza."

"Wewe? Wewe huwezi!"

"Baba amesema."

"Jando litakuwepo tena, Namu. Meru haitakuwepo."

Akatazama chini. "Ongea na baba," akasema.

Hapo mtu mwenye haya angeishia. Mimi nikavaa koti nikaenda.

Mzee Runji nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake, anasafisha kibuyu. Mwanawe mkubwa alikuwa amechukuliwa na askari zamani, yuko kizuizini, na hakuna aliyejua kama atarudi. Mama Namu alikuwa mlangoni anachambua maharage ya njahi.

"Karibu, Mwalimu. Kaa hapa."

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya Namu. Jumamosi anatakiwa Meru."

"Namu? Hapana. Jumamosi yeye anaenda kwa mto. Hii maneno tumengoja sana." Alitabasamu kabisa, masikini. "Wewe chukua ile ingine ndogo."

Sasa sikilizeni nilichosema. Nimekirudia kichwani mwangu mpaka kimechakaa.

Nilimwambia: "Mzee, jina la Namu limeandikwa kwenye ruhusa ya D.O. Asipopanda lori wataniuliza yuko wapi. Na mtoto wa nyumba hii asipoonekana, unajua mwenyewe watasema ameelekea wapi."

Uongo! Uongo mtupu! Ruhusa ile haikuwa na jina la mtoto hata mmoja. D.O. alitaka kujua idadi ya vichwa tu, ningeweza kupakia yeyote. Lakini nilijua neno "msitu", walikojificha Mau Mau, halina haja ya kutajwa katika nyumba ambayo askari wamekwisha kuingia. Nililijua, nikalitumia.

Mzee aliacha kusugua kibuyu. Ni mama aliyesema, kule mlangoni, bila kuinua macho: "Baba Namu, wacha aende. Moja walishachukua."

Basi, nikawa nimeshinda. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Mluzi, ndugu zangu! Mtu ameua furaha ya nyumba nzima, naye anapiga mluzi!

Tukaondoka Ijumaa, mimi, Namu na vitoto ambavyo havijafikia jando. Magongo nilikuwa nimeyafunga katika gunia. Tulipofika darajani Thuci, pale unapovuka kuingia Meru, askari wakatusimamisha. Mmoja akafungua gunia.

"Hizi rungu ni za nini?"

"Si rungu, afande. Ni magongo ya mchezo."

"Mchezo gani unachezwa na rungu?"

Nikamweleza. Mungu ni shahidi, nilieleza kwa upole.

"Sasa nani anapigwa?"

"Hapigwi mtu. Unapigwa mpira."

"Halafu huyo mwenye rungu anakimbia wapi?"

"Anazunguka, anarudi pale alipotoka."

Askari akachungulia tena ndani ya gunia. "Sasa alitoka kwa nini?"

Damu ikanipanda kichwani. Nilikuwa nimehangaika kwa D.O. siku nenda rudi, nimedanganya mzee wa watu, jamaa wa Meru ananingoja, na huyu ananiuliza alitoka kwa nini! Nikasema hebu nikuonyeshe. Nikachukua gongo, nikalipiga hewani kwa nguvu zangu zote, na wakati huo huo inspekta Mzungu akawa anatokea nyuma ya lori.

Lo! Nilijikuta kifudifudi kwenye vumbi, buti mgongoni. Watoto wakakalishwa chini, mikono kichwani. Ruhusa yangu ikasomwa, ikageuzwa, ikasomwa tena. Haikutaja rungu. Wakasema hatutoki mpaka wapate neno kutoka Embu, na neno kutoka Embu lilikuwa na miguu ya kinyonga. Magongo yangu ya muhuru waliyapasua, wakachemshia chai. Nililala kituoni na watoto wa watu, tukifunikana magunia ya vituo.

Jumamosi alfajiri niliamka nikamkuta Namu amesimama kwenye waya, ameelekea upande wa kwao. Akaniambia polepole: "Saa hii wako kwa maji."

Besiboli haikuchezwa. Meru hatukufika. Walituachia Jumapili, tukarudi Embu.

Nilijiambia, si kitu, atakwenda jando lijalo. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Haukupita muda kukatokea vurugu vijiji vya jirani, serikali ikakasirika, mikusanyiko yote ikafungwa tena. Mtama ukavunwa, hakuna jando. Ukapandwa tena, ukavunwa tena, hakuna!

Na mimi macho ninayo. Wale waliotahiriwa walipotoka walikotunzwa, wakapita njia ya shuleni wameshikana mikono, wamepakwa mafuta, wanang'aa. Mbele alikuwa mdakaji wetu, aliyekuwa pacha wa Namu uwanjani, mmoja anarusha, mwingine anadaka. Namu akamwita kwa furaha. Yule hakugeuza hata shingo. Namu akasogea, akashuka njiani, akasimama kwenye majani mpaka wote walipopita. Hiyo ndiyo desturi, kivici humpisha mwanamume. Hakuna aliyekosea pale isipokuwa mimi niliyekuwa dirishani na chaki mkononi.

Tangu siku hiyo alikuwa akichota maji pamoja na wadogo, mwenyewe mrefu kuliko baba yake. Wasichana wa umri wake walikuwa wakimcheka waziwazi. Shule aliacha. Kurusha mpira aliacha.

Wazee wakaniita. Nilikwenda nikidhani wataomba niwasemee kwa D.O. kuhusu jando. Nikapewa kigoda. Mzee Runji akasimama, taratibu, kwa heshima zote.

"Mwalimu, uliniambia jina ya mtoto yangu iliandikwa. Mimi nimeuliza karani. Aliniambia haikuwa jina, ilikuwa hesabu tu."

Nikavuta kigoda nyuma.

"Hiyo wacha. Mtu hudanganya. Mimi nauliza moja tu. Wewe, huko kwenu, ni rika gani?"

"Sisi hatuna rika kama zenu, Mzee."

"Hamna kwa nini?"

"Kwetu hatutahiri."

Vijana waliosimama nyuma wakaangua kicheko. Wazee hawakucheka. Walitazamana, na mmoja akatema mate pembeni. Mzee Runji akakaa, kama mtu aliyepata jibu la swali lililomsumbua muda mrefu.

"Kumbe," akasema, "tulipeleka mtoto kwa kivici mwenzake."

Wakaniomba kigoda. Ndiyo, waliniomba nisimame niwarudishie kigoda chao! Nikatoka nje, nikakaa na watoto waliokuwa wakicheza mavumbini, kwa sababu hapo ndipo nilipostahili kukaa. Ukienda kwa wenye chongo vunja lako jicho, wahenga walisema. Mimi nilikwenda na macho yangu yote mawili na bado sikuona kitu.

Baada ya hapo Embu ikanikataa. Watoto wakaondolewa kwenye timu. Mama wa maziwa akaacha kupita kwangu. Nikisema darasani, wakubwa wanaangalia dari. Kilichoniuma ni kwamba walikuwa na haki, na mimi nilitaka sana kumpata mtu wa kumlaumu! Nilimlaumu D.O., nikamlaumu askari wa darajani, nikamlaumu jamaa wa Meru na salamu zake. Nikimaliza orodha yote nabaki mimi.

Mtu mmoja tu hakunikasirikia. Namu. Alinijia siku moja nikiwa nafagia uwanja ule ambao hauna wachezaji tena.

"Mwalimu, pole."

Yeye ananipa pole mimi!

"Namu, mwanangu, nilikukosea."

"Najua. Baba aliniambia yote." Akanipokea ufagio, akaanza kufagia yeye. "Nimefikiri maneno moja. Wewe huna rika. Na mimi sina. Jando ikirudi, twende pamoja kwa mto. Simama na mimi. Wewe utakuwa rika yangu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

"Na mimi mtu mzima, Namu? Watanicheka."

"Watacheka. Halafu watanyamaza. Na mimi sitakuwa peke yangu na watoto."

Nikamwambia sawa. Nikasema, haki ya Mungu, nitasimama na wewe. Tukashikana mikono pale kwenye magunia. Akaenda zake amenyoosha mgongo, jambo ambalo nilikuwa sijaliona kwake tangu lile daraja.

Mnadhani mmeshasikia kosa langu? Bado. Yote niliyosema mpaka hapa ni nusu.

Jando likarudi. Chifu akatangaza, kijiji kikalipuka kwa vigelegele hata Homgadi wakatabasamu. Mzee Runji mwenyewe akaja nyumbani kwangu, mara ya kwanza tangu siku ya kigoda, akasimama mlangoni.

"Mtoto ameniambia. Ni kweli utakuja?"

"Nitakuja, Mzee."

"Basi yale mengine yamekwisha," akasema, akanipa mkono.

Niseme ukweli wote, si ndiyo maana nimekaa kuandika? Niliogopa kisu. Niliogopa kusimama uchi mbele ya wanafunzi wangu, nikikunja uso waseme Mwalimu amelia. Lakini sikujiambia hivyo. Nilijiambia mimi ni Mkristo. Nilijiambia nina cheti. Nilijiambia wakubwa wa misheni watasema nini. Mwoga hakosi sababu, anazo za kuwagawia majirani.

Nikaenda misheni, nikaomba uhamisho. Nikasema naumwa kifua, hewa ya mlima hainifai. Lori la kwenda Nairobi lilikuwa linaondoka alfajiri ile ile ya jando, nami nikapanda. Sikumuaga mtu. Nyumba niliiacha wazi, na gongo moja nililochonga upya nikaliacha limeegemea ukutani.

Miaka ikapita. Emajensi ikaisha, uhuru ukaja kwao na kwetu. Nikaoa, nikazaa, nikafundisha mashule mengi, na besiboli sikuigusa tena. Watoto wangu hawajui hata kama niliwahi kuicheza.

Kisha nikiwa Arusha, katika stendi ya malori, dereva mmoja akaniita "Mwalimu!" kwa lafudhi ya Embu. Alikuwa yule mdakaji. Amenenepa, ana meno ya dhahabu. Akaninunulia chai, akacheka, akanikumbusha mambo ya mpira wa ngozi ya mbuzi. Nilimuuliza nilichoogopa kuuliza. Namu je?

Akaacha kucheka. Yeye siku ile ya jando niliyotoroka alikuwa mtoni, miongoni mwa waliokuja kusimamia wadogo wao.

Alisema Namu alifika wa kwanza. Akaingia kwenye maji pamoja na vile vitoto, maji yanafika kifuani kwa watoto, kwake yanafika kiunoni. Ngariba akawa tayari. Wakamwita yeye kwanza, maana ndiye mkubwa. Akakataa kutoka majini. Wakadhani anaogopa, wengine wakaanza kuguna. Namu akasema, "Ngojeni kidogo. Mwalimu anakuja."

Wakangoja. Kwa heshima ya Mzee Runji, wakangoja. Watoto wanagongana meno kwa baridi, jua likatoka nyuma ya vilima, yeye amekazia macho njia ya shule. "Anakuja. Aliniambia anakuja." Wakaanza kuwatoa watoto mmoja mmoja. Mwisho alibaki yeye tu ndani ya maji, na ikabidi baba yake ashuke ukingoni amwambie, "Namu, toka. Hakuna mtu anakuja."

"Sasa yeye ni mtu mzuri," dereva akaniambia, "ana bibi, ana kahawa. Lakini wenzake wa rika ni watoto. Sisi hatuwezi kukaa na yeye. Ukimuuliza rika yake, anasema ako na moja ya umri wake, iko Tanganyika."

Chai ile sikuimaliza.

Wewe kijana unayekwenda kufanya kazi kwa watu, hata kama unawapelekea kitu kizuri, usitie mkono katika jambo usilolijua uzito wake. Na usimtishe mtu kwa kile kinachomliza usiku, hata ukiwa unataka kitu kidogo tu, hata ukiwa unataka mchezo. Na ukimwambia mtu utasimama naye, simama naye, ucheke ulie, simama. Mimi nimezeeka sasa, miguu inavimba, na Embu naijua njia yake mpaka leo. Kila mwaka nasema nitakwenda kumwomba Namu msamaha. Mwaka huu pia nimesema.